"Dokta, hii dozi ni ya mtoto au ya baba yake?"

Ilikuwa saa 11 alfajiri, mwezi wa Februari, mvua zimekolea na homa nazo zimekolea. Wodi yetu ya watoto ilikuwa imelaza wawili wawili kitandani. Mimi nilikuwa macho tangu saa 12 asubuhi ya jana yake. Mtoto wa miezi mitano, kilo 6, nimonia kali. Jentamaisini ni miligramu 7.5 kwa kila kilo, mara moja kwa siku. Hesabu ya shule ya msingi hiyo, jibu 45. Nikaandika 450.

Sista wa zamu, mama mtu mzima aliyeanza uuguzi mimi sijajua kusoma, alilichukua faili akalisogeza kwenye taa. Akaninong'oneza, mama wa mtoto asisikie: "Dokta, samahani. Hii dozi ni ya mtoto au ya baba yake?"

Mtoto alidungwa 45, na siku ya sita alikwenda nyumbani. Kilichonitisha baadaye ni kwamba sikushtuka. Nilikata sifuri, nikasaini, nikasogea kitanda cha pili kama mtu aliyekosea kuingiza namba za luku.

Kwa wasiojua: rezidenti ni daktari aliyekwishahitimu ambaye amerudi kusomea ubingwa, kwetu kwa kawaida miaka 3. Ni mwanafunzi na mfanyakazi kwa mkupuo. Unalaza wagonjwa, unapiga raundi, unafundisha maintani, yaani madaktari wapya walio kwenye mafunzo kazini, halafu usiku usio na zamu unahangaika na tasnifu. Hospitali siitaji, iko kanda ya kati, inatosha.

Shida ya kwanza ilikuwa neno. Nimechoka? Nani hajachoka? Mama anayeuza mboga soko la Majengo naye kachoka, na hana posho ya zamu. Niliona haya kulisema. Lakini uchovu wa kawaida ukilala unaisha, na huu, ambao Kiingereza wanauita burnout, ulikuwa ukiamka nao. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, halikuuita ugonjwa. Limeuweka kama jambo litokanalo na msongo wa kazini usiodhibitiwa, lenye sura tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo moyoni, na kuona hufai kitu. Ile ya pili ndiyo iliyonisuta. Nilikuwa nimeacha kuwaita watoto kwa majina. "Nimonia ya kitanda cha saba." Mama mmoja alinisahihisha: "Anaitwa Neema, dokta." Nikakasirika. Nikamkasirikia mama kwa sababu ya jina la mwanawe!

Nilimwambia kwanza rezidenti mwenzangu, kantini, juu ya chapati iliyopoa. Naye akasema wiki iliyopita alilala kwenye taa nyekundu, usukani mkononi. Tukaenda wawili kwa mkubwa wetu. Alianza na wimbo tunaoujua wote: "Wakati wetu tulikuwa wawili wodi nzima." Nilikuwa nimejiandaa. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walichapisha katika jarida la Nature kwamba mtu aliyekesha saa 17 hupungukiwa umakini sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Mimi pombe sinywi kabisa, lakini usiku ule nililewa nikiwa kazini. Na kiapo cha daktari, Tamko la Geneva, kilipofanyiwa marekebisho 2017 kiliongezewa ahadi kwamba daktari atajali afya yake mwenyewe ili awahudumie wagonjwa ipasavyo. Alinyamaza, kisha akasema, "Watu siwezi kuwaongezea. Nipeni mpango usiohitaji watu."

Mpango ulikuwa kaunta buku. Safu tano: kitanda, jina la mtoto na la mama, tatizo, kinachosubiriwa, anayefuatilia. Aliyekesha akishakabidhi, saa 3 asubuhi anaondoka, hata kama raundi haijaisha. Wiki ya pili ilitufia mikononi. Mwenzetu aliondoka bila kuandika kwamba kuna chupa ya damu inasubiriwa maabara, ikakaa huko hadi mchana. Mtoto alikuwa salama, ila tulirushiana maneno ambayo sitayaandika hapa. Tangu hapo daftari husomwa kwa sauti kando ya kitanda, aliyekesha na anayeingia wamesimama pamoja. Dakika 15, siku mbaya 25.

Kuondoka ni jambo moja, kulala ni jingine. Napanga chumba Ipagala, bati tupu, na jirani ni fundi wa kuchomelea mageti. Nilipachika kanga mbili dirishani, nikahamisha kitanda ukuta wa pili, na simu nikamkabidhi mama mwenye nyumba. Nilimwambia, mama yangu akipiga niamshe, wengine waambie nimekufa. Alikataa kabisa. "Hilo neno halisemwi ovyo, mwanangu. Nitawaambia umesafiri." Ndiyo maana watu wengi wanadhani mimi huenda Singida kila Jumanne.

Na nilikwenda kuongea na mtaalamu wa saikolojia. Hapa Dodoma jambo hilo lina uzito wake, kwa sababu tumekua tukitaniana "wewe utapelekwa Mirembe", kana kwamba kutibiwa akili ni tusi. Mimi mwenyewe huwaandikia wazazi rufaa za huko bila kupepesa, ila zamu yangu ilipofika nilijificha nyuma ya miwani na barakoa. Vikao vinne. Cha kwanza nililia tu, vingine tulizungumza.

Bado si shwari. Mwezi uliopita wawili wetu waliugua kwa pamoja, daftari likakaa siku nne bila kuguswa na sote tukarudi kukesha. Siku ya tano nilimkuta sista yule yule kwenye meza ya dawa. Niliponyosha mkono kuchukua faili, hakuliachia.

"Umelala?"

"Saa nne tu, sista."

Alinivutia kiti, akaweka kikokotoo mezani. "Basi piga hesabu kwa sauti, nami nasikiliza."