Unataka kazi ya kudumu ya zimamoto? Anza na miguu, mshiko na pumzi

Wengi wanaoitaka kazi ya zimamoto ya kudumu hukimbilia kunyanyua vyuma. Kifua kinatanuka, mikono inajaa, halafu siku ya jaribio wanaishia kwenye ngazi kabla dakika ya tatu haijatimia. Kazi hii inabebwa na miguu, mapafu na viganja. Mwili mkubwa uliojengwa kwa ajili ya kioo unageuka mzigo mwingine wa kupandisha ghorofani.

Tuchukue jaribio linalotumiwa na vikosi vingi vya Marekani na Kanada, kwa sababu vipimo vyake viko wazi, na hata kikosi chenye jaribio lake chenyewe hupima kazi zinazofanana na hizi. Unavaa fulana nzito ya kilo 22.7 badala ya mavazi ya moto na mtungi wa hewa. Vituo ni vinane, na pumziko pekee ni mwendo wa mita 26 kutoka kituo hadi kituo, tena kukimbia hairuhusiwi. Vyote vimalizike ndani ya dakika 10 na sekunde 20.

Kituo cha kwanza, mashine ya ngazi, ndicho kigumu kuliko vyote. Hapo unaongezewa kilo 11.3 mabegani, jumla kilo 34. Unapasha miguu kwa sekunde 20, kisha unapanda hatua 60 kwa dakika, dakika tatu mfululizo. Ukishika kishikio kutafuta nafuu unaonywa, na mara ya tatu umefeli. Kosa kubwa ni kuinama. Mtu akishachoka anaanza kuangalia miguu yake, mgongo unapinda, uzito unahamia kiunoni, naye anakanyaga kwa vidole tu hadi mashavu ya miguu yanakaza. Inua macho, kanyaga kwa wayo mzima, usukume kwa kisigino. Mazoezini anza na begi la kilo 10 kwa dakika tano, mara mbili au tatu kwa wiki, ukiongeza kilo mbili kila wiki mwili unapokubali. Ukirukia kilo 34 wiki ya kwanza, magoti ndiyo yatakayolipa.

Ukishuka hapo miguu inatetemeka na unakabidhiwa mpira wa maji wa kuzimia moto. Unauburuta begani mita 23, unazunguka pipa, unaongeza mita 7.6, unapiga goti na kuuvuta kwa mikono mita 15 nyingine. Usiuvute kwa mikono kabla ya wakati wake: laza mwili mbele, miguu ifanye kazi. Na huo hauna maji. Mpira wa milimita 45 wenye urefu wa mita 30, ukishajaa, umebeba maji ya kilo 48 hivi, na haupindi kona bila mtu wa kuusukuma.

Mshiko ndio unaosahaulika. Misumeno ya kubeba mkononi, ngazi ya kusimamisha na nyundo vyote vinakula viganja, kisha unamkuta mdoli wa kilo 75 wa kuburuta mita 10.7, kugeuka na kurudi. Ni ruksa kumlaza na kubadili mshiko, kwa hiyo fanya hivyo mapema kuliko kungoja vidole vifunguke vyenyewe. Mwisho ni dari: kwa mti mrefu wenye ndoano unaisukuma mara tatu na kuivuta mara tano, ukirudia mzunguko huo mara nne. Mabega yaliyochoka hapo hayadanganyiki. Kuning'inia kwenye bomba na kutembea na ndoo nzito kila mkono kutakusaidia kuliko mashine nyingi za gym.

Mtihani wa kuandika na usaili wa mdomo unajulikana: hesabu, kusoma maelekezo, kueleza ulivyofanya kazi na wenzako. Vipimo vya afya vinagusa macho, masikio, moyo na mapafu. Ndevu zinyolewe, kwa sababu hewa hupenya pale barakoa ya kupumulia inapogusa nywele.

Ukishaingia mafunzoni, mwalimu mkali ni mtungi. Mtungi wa lita 6.8 uliojazwa hadi bar 300, yaani kipimo cha shinikizo, una hewa kama lita 2,000. Ukivuta lita 40 kwa dakika, hesabu inasema dakika 50. Mtu anayepanda ngazi na mpira begani anaweza kuvuta lita 80, na dakika 50 zinakuwa 25. Tena si zote zako: filimbi ya tahadhari hulia ikibaki kama bar 55, na hewa hiyo ni ya kukutoa nje tu. Ukiingia na 300 na kutenga 60, unabaki na 240. Nusu yake, 120, ndiyo ya kuingilia, basi geji ikisoma 180 unageuka, hata kama mlango unaoutafuta uko mbele yako. Anayemaliza hewa haraka mara nyingi ana hofu zaidi ya uchovu. Dawa yake ni kurefusha pumzi ya kutoka.

Uvaaji nao una mpangilio. Suruali ikae tayari imekunjiwa juu ya buti, uingize miguu na kupandisha. Kisha koti, mtungi na barakoa, ndipo kitambaa cha kichwa kipandishwe juu ya ukingo wa barakoa. Kikinaswa chini ya ukingo huo, moshi unaingia. Helmeti inafuata, glavu mwisho. Ukizitanguliza hutaweza kufunga mkanda wa kidevu. Kabla ya kuingia, funga valvu na uvute hewa iliyobaki: barakoa inyonye uso na ibaki hivyo. Ikilegea, anza upya.

Vikosi vingi vya kudumu hufanya zamu ya saa 24 na mapumziko ya saa 48, na kwa wengi miito ya wagonjwa ni mingi kuliko ya moto. Kwa hiyo jifunze kukandamiza kifua sawasawa: mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimeta 5 hadi 6, mkibadilishana kila dakika mbili, maana mikono huchoka kabla mwenyewe hajakiri.

Mwaka 2022 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka kazi ya zimamoto katika kundi la vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo masizi si nishani. Ukitoka motoni bakia na barakoa, mwenzako akupige brashi na maji kuanzia helmeti hadi buti, ndipo uvue. Kitambaa cha kichwa kilichotumika kinatiwa kwenye mfuko wake, mfuko unafungwa, na hakuna vazi la moto linalofika chumba cha kulala. Shingo, makwapa na kinena vioshwe kwa sabuni ndani ya saa moja.