Mguu wa Tatu

Somo: Marko 2:1–12

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii nimesoma habari za tiba ya kale ya Bara Hindi, nazo zimenirudisha wodini alikolazwa mama yetu.

Tiba hiyo, Ayurveda, jina lake ni la Kisanskriti: ayus ni uhai, veda ni maarifa. Kitabu chake kimojawapo cha msingi, Charaka Samhita, kina umri wa karibu miaka 2,000. Mwanzoni kinasimulia wenye hekima waliokusanyika kando ya Himalaya kwa kuwaonea viumbe huruma, maana maradhi yalikuwa yamezuia hata funga na ibada zao. Miungu wanaotajwa humo sisi hatuwaombi. Huruma ile, hata hivyo, naijua inakotoka.

Kitabu hicho kinasema tiba ina miguu minne: tabibu, dawa, muuguzaji na mgonjwa mwenyewe. Kila mguu una sifa nne. Mgonjwa awe na kumbukumbu, afuate maelekezo, asiwe mwoga, aeleze vizuri hali yake. Tabibu ndiye mkuu. Bila mfinyanzi, udongo na gurudumu havitoi chungu. Lakini mimi nilikwama kwenye ule mguu wa tatu. Muuguzaji ajue kuuguza, awe hodari wa kazi, awe msafi, tena awe na upendo. Upendo umehesabiwa pamoja na usafi, ndani ya tiba yenyewe!

Dada yangu alilala siku 11 kwenye mkeka chini ya kitanda cha mama. Usiku alikuwa akiamka kumgeuza asipate vidonda, alfajiri anampozea uji kwenye kifuniko cha chupa, kijiko kwa kijiko. Mama aliporuhusiwa tulimshukuru daktari, tukapeleka sadaka ya shukrani kanisani. Dada hakuna aliyemtaja.

Wale wanne waliombeba mwenye kupooza nao hawatajwi majina. Walipanda darini, wakatoboa, wakamteremsha na godoro lake. Marko anasema Yesu aliiona imani yao. Yao, wapendwa. Aliinua macho akawaona waliokuwa juu wameshika kamba.

Juzi nilimpigia dada simu nimshukuru, nimechelewa miaka 3. Akaniuliza kama mama amekula.

Tuombe. Bwana, mwone aliyelala mkekani usiku huu, akisikiliza pumzi za mgonjwa wake. Amina.