Gitaa langu lilikuwa linalia kama nyuki ndani ya kopo

Jamani nimepoteza karibu miezi miwili nikidhani gitaa langu bovu. Narekodia chumbani, nimepanga, jirani wa ukuta kwa ukuta ana kichanga, kwa hiyo kuwasha ampu sahau. Nachomeka gitaa kwenye saundi kadi, naweka plagini ya ampu (kiprogramu kinachoiga ampu) kwenye Reaper, programu ya kurekodia, distosheni (ule mkwaruzo wa roki) kidogo tu... weee, mlio unakwaruza masikio. Nikabadilisha waya, nikabadilisha nyuzi, nikazungusha toni mpaka mwisho, wapi.

Kumbe nilikuwa nimeruka spika, plagini ilikuwa inaiga ampu tu bila spika yake! Spika ya gitaa siyo kama ya redio, zile za inchi 12 ukishapita kama 5,000 Hz sauti inaporomoka, na ndo inakata ule ukali wote wa distosheni. Nikashusha NadIR, plagini ya bure ya kupakia IR (impulse response), nikapakia IR ya boksi la spika nne za Celestion Vintage 30 iliyochukuliwa na maiki ya Shure SM57. IR yenyewe ni kifaili kidogo cha WAV, kinabeba jinsi boksi na maiki vinavyoitikia. Nilivyopiga kodi (chord) ya kwanza nikacheka peke yangu saa saba usiku.

Kosa la pili sasa, nikashusha IR kama mia nne, wikiendi nzima nasikiliza mafaili sijarekodi hata mstari. Chukueni tatu tu, iliyowekwa maiki katikati ya spika inachoma, ya pembeni imepoa. Na kama plagini ya ampu ina kabineti (boksi la spika) yake ndani zima moja, zikiwaka mbili ni kama unapigia chini ya blanketi.