Mke Mgeni na Pasipoti Iliyofichwa

Ninafundisha sheria kwa vitendo hapa Kisumu: wanafunzi huwahudumia wateja halisi nami nikiwasimamia, na kesi ambazo zimenishughulisha zaidi ni za wanawake waliovuka mpaka wa Busia kuolewa na Wakenya, kisha ndoa ikawageukia kuwa kifungo.

Mume anayetaka kumtisha mke wa namna hiyo hahitaji rungu, humtosha kuificha pasipoti na kusema, "Ukienda polisi, watakurudisha kwenu." Tishio hilo huuma kwa sababu Katiba ya 2010 humpa mwenzi wa kigeni haki ya kuomba uraia baada ya miaka 7 ya ndoa, na miaka 7 ya kuvumilia kipigo si michache. Marekani ililishughulikia tatizo hili mwaka 1994, sheria ilipomruhusu mke anayeteswa na raia ajiombee ukaazi bila kumtegemea mumewe.

Sisi hutegemea zaidi sheria ya 2015 ya kulinda watu dhidi ya dhuluma za kinyumbani, ambayo huhesabu hata unyanyasaji wa kiuchumi na kurithi mjane kwa lazima (jambo tunalolijua vyema huku Nyanza) kuwa dhuluma, na humwezesha hakimu kutoa amri ya ulinzi. Mwanafunzi akiniandikia katika hati ya kiapo kwamba mteja "alipigwa mara kwa mara," humrudishia: alipigwa lini, kwa kitu gani, nani alisikia, na pasipoti iliwekwa wapi?