Bibi Hafungiwi Ndani: Nilivyowalinda Wazee wa Huku Makete Wakati wa Korona

Ushauri ulionikera kuliko wote wakati wa korona ni ule wa "mtengeni mzee chumba chake". Aliyeutoa bila shaka ana nyumba ya vyumba vitano na umeme wa uhakika. Mkoa wetu wa Njombe ndio unaoongoza nchini kwa maambukizi ya VVU, na hapa Makete bibi wengi wanalea wajukuu waliobaki bila wazazi. Bibi ndiye anayepika, ndiye anayewaamsha waende shule, na usiku wanalala naye kitanda kimoja kwa sababu ya baridi. Sasa umtenge bibi, hao watoto umemwachia nani?

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na kaya zenye wazee ndizo nilizozizungukia zaidi tangu mgonjwa wa kwanza atangazwe nchini Machi 2020. Naandika ili homa nyingine ya namna hiyo ikija, mtu asianze na upuuzi ule ule.

Kwanza mkaa. Ukimfungia mzee chumbani mwezi Juni au Julai, lazima kuna mwenye huruma atakayemwingizia jiko apate joto, na dirisha lilishazibwa kwa gunia. Gesi ya mkaa haina harufu wala rangi, na inaua usingizini. Korona inaweza kumkosa, jiko halimkosi. Nilikataza jiko la mkaa kulala na mtu, bila mjadala. Joto la kitanda tulilipata kwa chupa ngumu yenye maji ya moto, iliyovalishwa soksi nzito, ikiwekwa miguuni dakika 20 kabla mzee hajapanda kitandani. Akipanda, inatolewa. Mwenye kisukari miguu yake huwa na ganzi, anaungua na hajui.

Jiko la kuni la nje, lile banda la kupikia ambalo wageni wa mjini hulikunjia uso, ndilo lililokuwa mahali salama kuliko sebule, ilimradi mlango uwe wazi na tundu la juu lisizibwe. Moto unavuta hewa kutoka mlangoni na kuipandisha juu. Kigoda cha bibi kikae karibu na mlango, blanketi begani, wajukuu wakae upande wa ndani. Tatizo ni moshi, kwa hiyo kuni ziwe kavu kabisa. Wageni wote nje, kwenye jua la saa nne. Shikamoo haihitaji mkono.

Sasa kunawa. Hapa ndipo nilipojivunia kichwa changu. Mabango yote yalionyesha kibuyu chirizi cha kukanyaga: dumu la lita 5 limening'inizwa kwenye mti, kamba inashuka hadi kijiti cha mguuni. Kwa mtoto wa shule ni kizuri. Mzee mwenye fimbo inabidi aachie fimbo, ainue mguu mmoja, abaki kwenye goti bovu juu ya udongo ulioloa. Huko ni kumtafutia kuvunjika nyonga. Wazee wenyewe waliliona hilo siku ya kwanza, wakaacha kunawa, na watu wakasema wazee ni wabishi.

Nikabadilisha. Dumu ni lile lile la lita 5, lakini gumu, si laini. Pasha moto msumari wa inchi mbili, toboa tundu moja tu ubavuni, vidole viwili kutoka chini. Jaza maji, kaza kifuniko. Maji hayatoki, kwa sababu hewa haina pa kuingilia. Legeza kifuniko nusu mzunguko, maji yanachuruzika. Kaza tena, yanakata. Hakuna kamba wala kijiti, na hakuna koki ya kununua. Ukitumia msumari mnene haifanyi kazi: hewa inapenya kwenye tundu lile lile na maji yanavuja usiku kucha. Ukitumia dumu laini, kila anayelishika analibana na linatema maji. Liweke kwenye kibao chenye urefu wa kifua cha mtu aliyeketi, na kigoda mbele yake. Mzee ananawa amekaa. Kifuniko kinashikwa na mikono michafu, kwa hiyo kipake povu nacho kila anaponawa. Sabuni ya kipande itie ndani ya soksi, uifunge kwenye mpini wa dumu. Haitelezi na kuku hawaibebi.

Bado hawakunawa! Maji ya asubuhi huku yanauma mifupa, na mtu mwenye baridi yabisi hatayagusa sekunde 20 hata umsomee sheria. Dawa ilikuwa chupa ya chai. Kikombe kimoja cha maji yaliyochemka kwa vikombe viwili vya maji baridi, yanakuwa vuguvugu la kupendeza. Baada ya hapo bibi mmoja alikuwa ananawa hata asipokuwa na sababu.

Kwa vitasa, fimbo na simu, kijiko kimoja cha mezani cha jiki (ile ya asilimia 3.5) kwenye nusu lita ya maji kinatosha. Changanya ya siku hiyo hiyo, kesho nguvu imepungua. Usiichanganye na kitu kingine chochote.

Wazee wa kiume tatizo lao lilikuwa ulanzi, pombe ya mianzi. Masika ukigemwa, kopo moja linazunguka watu wanane. Kumwambia mzee asiende kilabuni ni kazi bure, na sioni ni kwa haki ipi mtu wa miaka 75 apangiwe jioni yake. Basi nikaja na vikombe vya bati, kila kimoja na uzi wa rangi yake kwenye mkono, na nikatangaza kwamba ni vya waliotimiza 70 peke yao. Vijana wa miaka 60 walilalamika. Wiki haikuisha, kikombe chenye uzi kikawa cheo. Mwuzaji alielekezwa kumimina kutoka juu bila kugusisha kopo kwenye mdomo wa kikombe, na mabenchi yakatolewa nje chini ya miti. Kila mtu anarudi na chake. Gharama? Sikumbuki vizuri, haikufika elfu ishirini.

Nyungu, yaani kujifukiza mvuke, nitaigusa kidogo maana watu ni wakali. Mvuke hauui kirusi kilichoko mapafuni. Nilichokiona mimi ni sufuria ya maji yanayotokota chini ya blanketi, pamoja na mzee anayetetemeka mikono na aliyemeza dawa ya presha. Akisimama ghafla anapata kizunguzungu, anaangukia sufuria. Aliyeng'ang'ania, na ni haki yake, nilimwekea majani ya mkaratusi kwenye kikombe kizito mezani, bila blanketi, avute dakika tano, kisha basi.

Dalili kwa mzee si zile za redioni. Wengi hawapati homa kali. Anakuwa tu si yeye: amekataa uji, amelala mchana kutwa, ameanguka mara mbili, anamwita mjukuu kwa jina la marehemu kaka yake. Familia inasema ni uzee, au inaanza kumtafuta mchawi. Uzee hauji kati ya Jumatatu na Jumatano. Mabadiliko ya siku mbili tatu ni ugonjwa mpaka ipimwe vinginevyo.

Hesabu pumzi, dakika nzima kwa saa, usifanye nusu ukazidisha. Mzee akijua unamhesabu anabadilisha upumuaji, kwa hiyo shika kifundo cha mkono wake kana kwamba unapima mapigo ya moyo, macho yako yaangalie kifua. Ikipita 24 kwa dakika akiwa amepumzika, jiandae. Ikifika 30, usisubiri asubuhi.

Kipima oksijeni cha kidoleni tulinunua kimoja kwa kaya kadhaa, elfu arobaini hivi, wengine waliuziwa hadi sabini. Watu wengi wanakitumia vibaya huku kwetu. Kidole cha baridi kinatoa namba ya uongo, chini sana, au hakisomi kabisa. Sugua mkono, uweke kwapani kwa mzee mwenyewe dakika tano, ndipo upime. Futa rangi ya kucha, au tumia kidole kisicho na rangi wala hina. Ngoja dakika nzima namba itulie. Halafu kuna mwinuko: vijiji vyetu vingi viko juu ya mita 2,000, na namba ya mtu mzima wa afya hushuka kidogo kuliko ya mtu wa Dar es Salaam. Ndiyo maana nilimpima kila mzee akiwa hana ugonjwa wowote, nikaiandika namba yake kwa chaki nyuma ya mlango. Aliyezoea 94 akishuka hadi 91, huyo anaondoka kwenda kituo cha afya. Chini ya 90 ni dharura kwa yeyote, hata akikwambia hajisikii vibaya, maana wapo waliokuwa wanaongea vizuri huku oksijeni imekwisha. Wakati mnasubiri gari, alale kifudifudi akiweza. Asiyeweza, ubavu.

Na zungumza naye kuhusu oksijeni kabla hajaugua. Imani ya kwamba "ukiwekewa ile mashine unakufa" ilitokana na kuona waliofikishwa wakiwa wamechelewa. Muulize mapema anataka nini, na nani amsemee akishindwa kusema. Jibu lake liandikwe, wanawe walisikie likitoka mdomoni mwake.

Chanjo ilizinduliwa 28 Julai 2021, na wenye miaka 50 kwenda juu pamoja na wenye magonjwa sugu walikuwa katika makundi ya mwanzo. Ajabu ni kwamba mitaani presha na kisukari vikageuzwa kuwa sababu ya kutochanja, wakati ndivyo vilivyokuwa vinawapa kipaumbele. Ilikuwa ya hiari, na kulikuwa na fomu ya ridhaa. Hiyo fomu niliipigania. Mtu anachukua dole gumba la bibi, analigandamiza kwenye wino, amemaliza! Hapana. Fomu isomwe kwa sauti, kwa Kikinga kama ndiyo lugha yake, aulize, ajibiwe, ndipo atie dole. Mwana hana ruhusa ya kukataa kwa niaba ya mama yake mwenye akili timamu, wala ya kumburuta. Asiyesikia vizuri anasoma midomo, kwa hiyo barakoa inamfunga masikio: toka nje, rudi nyuma mita mbili, ishushe, ongea polepole. Baada ya sindano akae dakika 15. Usiku akipata homa, paracetamol ya miligramu 500, mwembamba sana kidonge kimoja kinamtosha. Dawa za presha haziachwi hata siku moja.

Kuhusu dawa hizo: omba za miezi miwili kwa mkupuo ili mzee asipange foleni katikati ya wagonjwa. Wengine watakwambia haiwezekani. Onyesha kadi ya kliniki na uombe kwa adabu, mara nyingi inawezekana. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuwa ni mwenye miaka 60 na zaidi, na asiyejiweza hutibiwa bure. Kitambulisho chake kinaanzia ofisi ya kijiji na picha ndogo. Kishughulikieni akiwa mzima. Kuna mahali niliambiwa huduma ni bure ila dawa zimekwisha, kwa hiyo weka akiba kidogo ya duka la dawa.

Fedha ndiko wazee walikoumizwa kimya kimya. Mzee hatoki, basi mjukuu au jirani anapewa simu na namba ya siri akamtolee hela ya TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, au iliyotumwa na mwanawe. Tulimwomba wakala aje hadi uani siku moja ya wiki, mwenye simu akabonyeza mwenyewe, na ujumbe wa salio ukasomwa kwa sauti mbele ya mtu wa pili. Namba ya siri ikishajulikana na wawili, ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Mfuko wa dharura utundikwe mlangoni: kitambulisho, kadi ya kliniki, dawa za siku tatu, blanketi, kikombe, miwani, namba za watu wawili na ile ya bure ya Wizara ya Afya, 199. Meno ya bandia watu huyasahau, na mzee anashindwa kula wodini. Kipima oksijeni kikae humo pia, ila betri zitolewe zifungwe kwenye karatasi pembeni, maana zikiachwa ndani miezi zinavuja na kinakufa.