Nilivyodhibiti joto la betri kwenye gari-nyumba langu

Baada ya kufunga sola kwenye gari-nyumba langu, kazi iliyonishughulisha zaidi ni kujua betri yenyewe ina joto kiasi gani kabla ya kupokea chaji. Joto la hewa ndani ya gari halitoshi kukuambia. Betri ni nzito, inapoa taratibu na inapata joto taratibu. Asubuhi ukiwasha jiko, gari linapendeza baada ya dakika chache, ilhali betri chini ya kitanda bado iko nyuzi mbili tatu chini ya sifuri. Na muda huohuo jua limeshaanza kupiga paneli.

Betri yangu ni ya lithiamu, aina ya LiFePO4. Aina hii haitakiwi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi. Kutoa umeme inaweza, nyingi hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, na hapo ndipo wengi wanapopotea: taa zinawaka, friji inafanya kazi, basi wanaamini betri haina tatizo. Kuchaji ni habari nyingine. Ayoni za lithiamu (chembe zake zenye chaji) zinatakiwa kupenya ndani ya grafaiti, ile kaboni ya upande hasi wa betri. Kwenye baridi zinapenya kwa shida, zinarundikana juu yake na kuwa utando wa metali. Uwezo wa betri unaopotea kwa njia hiyo haurudi tena, na utando ukiendelea kukua unaweza kuleta shoti humohumo ndani. Siku yenyewe huoni dalili yoyote.

Betri nyingi za sasa zina saketi ya ulinzi inayokata chaji baridi ikizidi. Mimi naichukulia kama fyuzi, kinga ya siku ya hatari tu. Kwa hiyo niliunganisha sensa ya joto na kidhibiti chaji cha sola, nikakipanga kisichaji mpaka betri ifike nyuzi 5. Sensa niliibandika katikati ya ubavu wa betri kwa tepu ya alumini, halafu nikaifunika kwa kipande cha sponji. Bila sponji ilikuwa inasoma hewa ya pembeni, na kila mlango ulipofunguliwa namba ziliruka.

Kisha nikaweka mkeka wa kupasha joto wa volti 12 chini ya betri, na bamba la alumini katikati ili joto lisambae. Watu huogopa kwamba mkeka utamaliza umeme wote. Nilipiga hesabu: betri ya Ah (saa-ampea) 100 yenye uzito wa kilo 12 hivi, ukiitoa nyuzi 5 chini ya sifuri hadi nyuzi 5 juu yake, inahitaji takribani Wh (saa-wati) 35, wakati yenyewe inabeba karibu Wh 1,280. Hata ukiongeza joto linalopotea njiani, ni gharama ndogo sana. Nimezungushia sanduku sponji nene, ila juu nimeacha kifuniko cha kutoa, maana wakati wa joto kali betri hiyohiyo haitakiwi kuchajiwa ikipita nyuzi 45 hivi.

Kwa mwenye betri za asidi ya risasi, mambo yako tofauti. Hizo zinachajika hata kwenye baridi, mradi hazijaganda, na betri iliyoisha chaji huganda upesi kuliko iliyojaa. Kinachobadilika ni volti. Kwa betri ya volti 12, kwa kawaida unaongeza kama milivolti 24 kwa kila nyuzi moja chini ya 25, na unapunguza hivyohivyo joto likipanda. Volti 14.4 za nyuzi 25 zinakuwa karibu 14.9 kwenye nyuzi 5, na karibu 14.0 kwenye nyuzi 40. Usiporekebisha, kwenye baridi betri haijai, na kwenye joto inachemka na kukauka maji. Lithiamu haitaki marekebisho hayo. Mpangilio huo uzime kabisa kwenye kidhibiti.

Altaneta, ile jenereta inayozungushwa na injini, nayo usiisahau. Ukiwasha injini alfajiri inaanza kusukuma chaji papo hapo, na saketi ya ulinzi ikikata ghafla wakati altaneta imeunganishwa moja kwa moja, volti zinaweza kuruka na kuunguza dayodi zake. Ndiyo maana kati yake na betri nimeweka chaja ya DC kwa DC, inayopokea umeme wa altaneta na kuudhibiti kabla haujafika kwenye betri, na inafuata sensa ileile ya ubavuni.