Usikunje mkeka bado: mlalo wa mwisho wa yoga

Muda ukibana, kinachokatwa kwanza kwenye yoga ni ule mlalo wa mwisho, kwa sababu anayetazama anaona mtu amelala tu. Ni kosa, na ndiyo maana wengi wanatoka mazoezini wamechoka kuliko walivyoingia.

Mlalo huu unaitwa savasana. Kwa Kisanskriti, shava ni maiti na asana ni mkao. Jina hilo linawakwaza watu, wengine wanaona ni kujichuria. Basi uite mlalo wa kupumzika, faida haipungui.

Ukiwa mazoezini moyo unakwenda mbio na mfumo wa neva uko kwenye hali ya kazi. Ukilala chali bila kusogea, misuli haibebi tena mzigo wa kukusimamisha, pumzi inapungua yenyewe, na ule upande wa neva unaotuliza mwili unashika zamu. Mapigo ya moyo yanashuka, mate yanarudi mdomoni, tumbo linaanza kunguruma. Usione haya tumbo likinguruma katikati ya ukimya, maana ni dalili kwamba mwili umekubali kupumzika. Hali hiyo haiji kwa dakika moja. Walimu wengi huhesabu dakika 5 za mlalo kwa kila nusu saa ya mazoezi, nami naona chini ya 5 ni kujisumbua bure.

Sasa namna ya kulala, maana hapa ndipo mambo yanapoharibika. Kaa, kunja magoti, teremsha mgongo taratibu, kisha nyoosha mguu mmoja mmoja. Visigino viachane kidogo kuzidi upana wa nyonga, vidole viangukie nje vyenyewe. Mikono iwe mbali na mbavu kiasi kwamba kwapa linapata hewa, viganja juu. Vuta mabega yashuke kutoka masikioni. Halafu angalia kidevu: kikielekea darini, shingo imebanwa nyuma, na utaamka na kisogo kinauma. Kunja kanga mara nne, iweke chini ya kichwa mpaka kidevu kishuke kidogo kuelekea kifuani. Kiuno kikiinuka na kuuma, shida mara nyingi iko kwenye mapaja yaliyokaza yanayovuta nyonga. Weka mto au blanketi lililoviringishwa chini ya magoti, mgongo utashuka wenyewe.

Kwa dakika ya kwanza vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe kwa hesabu ya 6, mara kama 6 hivi. Pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayopunguza mwendo wa moyo. Baada ya hapo acha kuhesabu. Kaza ngumi sekunde 5, achia, halafu fanya hivyo kwa mabega na uso. Taya husahaulika sana: tenganisha meno ya juu na ya chini, na ulimi usigandamane na kaakaa.

Jasho likikauka mwili unapoa haraka, na mtu anayesikia baridi hatulii. Jifunike kikoi kabla ya kulala, hata kama Mwanza kuna joto. Wanaopenda kufanyia mazoezi juu ya miamba, kule Capri Point au Bwiru, wajue kwamba alfajiri jiwe linanyonya joto la mgongo, na mchana linaunguza. Mkeka mwembamba peke yake hautoshi, ongeza blanketi chini yake. Kuanzia mchana upepo huvuma kutoka ziwani, kwa hiyo jikinge na mawe au ukuta. Jioni giza likianza kuingia, rudi ndani: huwezi kutulia huku unapiga mbu, na malaria si jambo la kuchezea.

Ukipitiwa na usingizi kila mara, huenda unalala kidogo usiku, au umekula ugali na sato muda mfupi kabla. Acha saa mbili au tatu zipite baada ya chakula kizito. Unaweza pia kukunja kiwiko kimoja, mkono usimame wima kuanzia kiwiko hadi vidole: usingizi ukija unaanguka na kukuamsha.

Mjamzito ambaye tumbo limeshakuwa kubwa asilale chali muda mrefu, kwa sababu mfuko wa uzazi hubana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na kizunguzungu hufuata. Alale ubavu wa kushoto, mto katikati ya magoti. Mwenye kiungulia ainue kifua kwa mito. Kuna pia wanaoshikwa na hofu wakifumba macho. Hao waache macho wazi, watazame sehemu moja, au walale ubavu, na wala si udhaifu. Mwenye shinikizo la damu asiache dawa kwa sababu ya mlalo huu.

Kuamka nako kuna utaratibu. Chezesha vidole vya mikono na miguu, kunja magoti, geukia ubavu wa kulia na ukae hapo kwa pumzi 5. Kisha sukuma sakafu kwa mikono, kichwa kiinuke mwisho. Ukinyanyuka ghafla damu inabaki miguuni na macho yanaingia giza. Simu isubiri mpaka uwe umekaa wima.